Mafuta ya Singo ya Dada

Mpaka leo nikisikia mtu akinadi "mafuta asilia" napandwa na hasira, na sababu ni mjomba wangu.

Miaka ile maduka ya Ngamiani yalipokuwa rafu tupu, sabuni kwa foleni na mafuta ya kupikia kwa kujuana, nyumba yetu haikukosa mafuta. Mama alikuna nazi, akakamua kwa maji ya moto, akaliacha tui lilale, kisha akaupika utando uliopanda juu mpaka mafuta yakajitenga. Hakuhitaji zaidi ya maji na moto. Mafuta ya maharusi aliyatia asumini na mlangilangi, kila asubuhi akatoa maua yaliyonyauka na kutia mengine, mpaka mafuta yakavuta harufu yote. Wala hakumpa mtu kabla hajajipaka mwenyewe, ndani ya mkono, akalala nayo. Alisema mpika mafuta ndiye wa kwanza kuungua.

Ruksa ilipokuja, biashara ikafunguliwa, mjomba, mdogo wake mama, alirudi kutoka Dar es Salaam na dumu la dawa ya kiwandani, ile ya kuzimulia rangi. Aliloweka maua humo, akaanika juani dawa iruke, akabaki na ute mzito aliouchanganya na mafuta ya dukani. Kazi ya siku moja.

"Dada, dunia imefunguka, wewe bado wabembeleza maua," akamwambia mama.

"Umejipaka?" mama akamuuliza.

Akacheka tu.

Wiki ya harusi ya dada yangu, mama akiwa kwenye mambo ya mapishi, shangazi zangu ndio waliomsinga bibi harusi. Walinusa chupa aliyoileta mjomba, wakaona inanukia kuliko ya mama, wakaimimina kwenye singo, ule unga wa kumsugulia mwili. Kufika jioni shingo na mikono ya dada ilikuwa imeiva, ina malengelenge. Alilia kwamba hatoki mbele za watu. Alitolewa hivyo hivyo, amefunikwa mpaka vidole, na wakwe kutoka Chumbageni wakawa wananong'onezana ana ugonjwa gani.

"Ngozi yake tu ndiyo laini," mjomba akasema.

Mama akamsogezea chupa. "Basi jipake."

Akasema ana haraka, wateja wanamngoja sokoni. Alikuwa anawauzia yale yale, akiyanadi "mafuta asilia". Nilimchukia, na wazee waliosema yaishe kwa kuwa ni damu moja niliwachukia pia.

Miaka ikapita, binti yake mjomba akaposwa. Akaja kwetu mwenyewe, na chupa tupu mkononi, kuomba mafuta ya singo.

"Yale yako ya maji, dada."

Mama hakumsema. Alichota kidogo, akajipaka ndani ya mkono mbele yake, akamwambia arudi kesho. Mimi nisingempa hata tone.