Ufunguo wa Chumba cha Fisi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufagio, ndoo na buti zilizonibana vidole. Bustani ya wanyama yenyewe ilikuwa ndogo, nje ya Msalato ukielekea kwetu Kondoa: swala, mbuni, kobe, tumbili na simba mmoja mzee. Mkuu wa Bustani wa wakati huo, mtu mpole, aliniambia, "Athumani, kazi yako ni mnyama. Watu watajiangalia wenyewe." Laiti waliomfuata wangemsikia.

Nilianzia kwa swala, nikahamishiwa kwa mbuni walionipiga mateke ya kutosha, kisha nikapelekwa kwa wala nyama. Huko ndiko nilikozeekea. Vijana mnaosoma hapa mjue kwamba kizimba kina sehemu mbili. Mbele ni uwanja wenye uzio, mnyama anapoonekana. Nyuma ni malazi, chumba cha saruji chenye kiza, na katikati pana mlango wa chuma wenye kufuli. Siku za kawaida mlango ule tuliuacha wazi. Mnyama akichoka kutazamwa, anaingia zake ndani.

Fisi aliletwa akiwa bado mdogo. Tulimwita Mama Mkwe, maana ukimkaribia aligeuza uso pembeni, na wewe ukajikuta unageuza wako. Alinijua kwa mlio wa ndoo. Nilimpenda, nasema wazi, na mke wangu, Mama Zuhura, alinitania kwamba nimeongeza mke.

Lakini fisi kwetu ana jina baya. Mrangi kama mimi na Mgogo tunabishana mengi, ila hapo tunakubaliana: fisi ni wa wachawi. Sikukuu ikifika, familia za Miyuji na Nkuhungu zikishashiba, zilikuja kutembea bustanini, na mchezo ulikuwa ule ule. Walisimama kwenye uzio wakamwita Mama Mkwe kwa majina ya majirani zao. Akigeuza kichwa tu, ushahidi umepatikana kwamba jirani huyo ndiye mchawi mwenye fisi. "Ndiye! Mmeona alivyoitika?" Kisha mawe. Watu wazima hao, wenye nguo mpya na watoto mabegani.

Yeye alikimbilia malazi. Ndipo Meneja, aliyekuja baada ya wakuu kadhaa, akaanzisha utaratibu wake: asubuhi ya sikukuu alifunga mlango wa malazi, ufunguo akautia mfukoni.

"Bosi, anapigwa mawe," nilimwambia.

"Mzee Athumani, watu wametoka mbali na watoto wao. Niwaonyeshe nini, mlango?"

"Basi uwekwe uzio wa pili, wasimfikie."

"Simama wewe hapo. Si una mwili?"

Nikasimama. Krismasi, Pasaka, hata Idd yangu mwenyewe, nilisimama nimeupa uzio mgongo, nikiwaomba watu wazima waweke mawe chini. Mengine yalinipata mimi. Nyumbani kwetu Nkuhungu sahani za pilau zilipita nyumba hadi nyumba, kama ilivyo desturi yetu, wala sahani hairudishwi tupu, na Mama Zuhura alizipokea peke yake.

Idd moja nilikwenda kusali kwanza. Meneja aliniruhusu, akaahidi kwamba mlinzi wa getini angesimama mahali pangu. Niliporudi, mlinzi alikuwa getini anaelekeza magari. Mama Mkwe alikuwa anaukwaruza mlango wa chuma, jicho moja limepasuka. Nilimfuata Meneja ofisini, kanzu ikiwa bado mwilini, nikamwambia alete ufunguo.

"Subiri watu watoke," alisema.

Mlango wa malazi ulipofunguliwa Mama Mkwe aliingia, na hakutoka tena. Ilipokaribia sikukuu iliyofuata, Meneja alimwita daktari wa mifugo aje na sindano. Mnyama asiyeonekana, alisema, hana kazi hapa. Nilikaa na Mama Mkwe mpaka alipokata roho.

Nilipostaafu, Meneja alinisifu kwenye hotuba, nikapewa saa ya ukutani. Sijaitundika. Watu husema nina kinyongo. Ninacho.

Mwaka huu Mama Zuhura alisema Idd twende tukatembee kama watu wengine, aione bustani iliyomla mume wake. Kuna fisi mpya. Mlango wa malazi ulikuwa umefungwa, watu wamejaa, simu juu, wanaita majina. Wengine nawafahamu, ni majirani zetu. Sikupanga lolote. Nilijikuta nimesimama pale pale, mgongo kwenye uzio.

Mtunzaji mpya alinijia kwa adabu. "Shikamoo mzee. Samahani, naomba usogee kidogo, unawaziba watu."

"Marahaba. Ufunguo wa malazi uko wapi?"

"Anao Meneja."

Sikusogea. Mama Zuhura alinitazama, akaja kusimama kando yangu na gauni lake la Idd. Sauti kutoka nyuma ikasema, "Kumbe hao wazee ndio wenye fisi."

Hakuna aliyecheka. Watu walishusha mikono, wakawavuta watoto wao, wakarudi nyuma mmoja mmoja. Miaka yote niliwasihi kwa upole wasirushe mawe, hawakunisikia. Siku hiyo mawe yalibaki chini.

Tulirudi nyumbani. Mama Zuhura alipakua pilau, akafunika sahani za majirani kwa kawa, akazipeleka mwenyewe. Zote zilipokelewa mlangoni kwa asante fupi. Hadi tunalala, hakuna hata moja iliyorudi na kitu.