Aliyemnyoa Mama Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Kibondo, Mchungaji Kiongozi alinipokea akiwa anapalilia maharage nyuma ya kanisa. Hakuniuliza habari za safari. Aliniuliza, "Ndiye wewe mwenye diploma?" Nikamwambia ndiye mimi. Akanikabidhi jembe. "Haya, maliza mstari huu, kisha tutazungumza habari za wokovu."

Nilimaliza mistari yote iliyobaki, maana kulima nilikujua kabla ya theolojia. Vijana mnaosoma haya mfahamu kwamba sikupelekwa chuoni na kanisa wala na mfadhili. Niliondoka nyumbani, upande wa Munanila, na sanduku la bati. Nikabeba zege Morogoro mchana na kusoma jioni, mpaka nikapata diploma yangu kwa jasho langu. Kisha nikarudi Kigoma, wakati wenzangu wote walikuwa wanakimbilia mijini. Katika jimbo zima mwinjilisti mwenye diploma nilikuwa mimi peke yangu, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ya chini.

Kazi yangu ilikuwa darasa la ubatizo. Siku hizi mtu anainua mkono Ijumaa kwenye mkutano wa injili, Jumapili yumo majini. Sisi hatukufanya hivyo. Mtu alianza na ushuhuda: alisimama mbele ya wazee wa kanisa akaeleza alikotoka na mahali Yesu alipomkuta. Yakafuata masomo. Kisha likaja lile tuliloliita kutengeneza: aliyeiba arudishe, aliyesingizia akakanushe, aliyemtukana shemeji yake akamwombe radhi. Mwisho ni mahojiano, na mhojaji nilikuwa mimi. Hata kuzamisha kuna ufundi wake. Mkono mmoja unakaa nyuma ya shingo, mwingine unashika mikono yake kifuani, na kichwa kinaelekea maji yanakotoka. Ukimgeuza, maji yatamwingia puani, naye atatoka akikohoa badala ya kumsifu Mungu.

Kutoka Kibondo nilihamishiwa Gwarama, kisha kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Huko Wakongo walinitania sana. Mama mmoja muuza mandazi, niliyemrudisha kurudia masomo, alisimama mbele ya wenzake akasema, "Mwalimu, uyu Yesu wenu wa Tanzania anafanyishaka egizame? Wa kwetu anaitaka watu tu: kuya!" Yaani Yesu wetu anatoa mtihani, wa kwao huwaita watu tu: njoo! Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Alirudia masomo, akafaulu.

Nikiwa Nyarugusu ndipo mama yangu aliponijia. Alishuka kwenye baiskeli ya kukodi, kichwa kimenyolewa, amekifunga kanga. Kijijini kwetu watoto walikuwa wamekufa kwa homa, na watu wakamwita kamchape, yaani wale wanaozunguka vijijini wakidai kufichua wachawi. Kamchape aliyekuja aliitwa Bukuru. Alitazama kwenye kioo chake, akamtaja mama yangu. Akamnyoa, akamchanja kwa wembe, na watu wakaichoma nyumba. Shamba lake la kahawa likachukuliwa na majirani waliokuwa wakimwita dada. Kesi haikufika popote, kwa sababu hakuna aliyekubali kutoa ushahidi.

Mama hakulia mbele yangu. Alisema, "Mwana wanje," yaani mwanangu, "nataka kurudi kwangu. Nikifia ugenini, nitakuwa nimekubali kwamba mimi ni mchawi."

Nikamwahidi nitamrudisha.

Nilipohamishiwa Kasulu nikamjengea mama chumba, nikaendelea na darasa. Miaka ikapita. Siku moja, baada ya mkutano wa injili, mtu mwembamba wa makamo akaja kujiandikisha.

"Jina?"

"Bukuru."

"Kazi?"

"Nilikuwa kamchape. Nimeacha."

Nikaiweka kalamu mezani. "Yule mwanamke wa Munanila, Mama Yeremia, unamkumbuka?"

"Namkumbuka. Wengine walifumba macho. Yeye alinitazama wakati wote nilipokuwa namnyoa."

"Yeremia ndiye mimi."

Akavua kofia. Kisha akasema, "Kwenye kile kioo sikuwahi kuona kitu, Mwalimu. Nilikuwa naona uso wangu tu. Jina la mama nilipewa na majirani kabla hata sijafungua mkoba."

Nikamwambia hatabatizwa mpaka atengeneze: aende kijijini akayaseme hayo mbele ya watu wote, ili mama aweze kurudi nyumbani. Niliona ni haki, na bado naona hivyo. Nilimpeleka mwenyewe.

Mwenyekiti wa kijiji akaita mkutano. Bukuru akasema yote bila kuficha, kioo na majirani. Jirani yetu Mzee Sabuni, ambaye ndiye anayevuna kahawa ya mama, akasimama.

"Jamani, hamwoni? Huyu kalogwa! Alipokuja peke yake alisema kweli. Leo kaletwa na mtoto wa mchawi aliyevaa tai!"

Watu wakaangua kicheko. Bonge la udongo likampata Bukuru kwenye paji la uso. Mwenyekiti akanivuta pembeni. "Mwalimu, mama yako arudi tu, hatumkatazi. Ila kitakachompata usije kuniuliza mimi."

Walimwamini akiwadanganya kwa malipo ya mbuzi. Alipowaambia kweli bure, wakampiga. Hilo sijalimeza mpaka leo.

Tukiwa njiani kurudi, Bukuru alijifuta damu kwa kiganja, akauliza, "Mwalimu, sasa nitabatizwa?"

"Mama yangu amerudi nyumbani?"

"Hapana."

"Basi hujatengeneza."

Nilipomweleza mama kwamba kijiji kimekataa, aliendelea kuchambua mchele. "Basi," alisema.

Habari zikamfikia Mwangalizi wa Jimbo, mtu mpole ambaye hakuwahi kunipandishia sauti. Akaniita ofisini.

"Yeremia, kwa hiyo unataka alipe ndipo apewe?"

"Kila nilichonacho nimekilipia mwenyewe, Baba. Na yeye alipe."

"Hata wokovu ulijilipia?"

Swali hilo halikuwamo kwenye mitihani ya diploma yangu.

"Jumapili utambatiza," akasema. "Simtumi mwingine. Ni wewe, kwa mikono yako."

Kwetu mtu anapobatizwa mtoni, ndugu zake husimama ukingoni na vitenge vikavu, akitoka wanamfunika. Jumapili ile waliobatizwa walikuwa wengi, na ukingo ulijaa watu. Zamu ya Bukuru ilipofika nilimshika shingo iliyokonda, nikamzamisha na kumwinua kama nilivyowafanyia wengine, si zaidi wala si pungufu. Akapanda ukingoni akitetemeka. Ndugu zake walikuwa wamemkana tangu alipoiacha kazi iliyowalisha. Kwaya ilikuwa inaimba, maji yanamchuruzika, na kila mtu akajifanya anatazama kwingine.

Mama akashuka polepole, akijishikiza kwenye majani. Akafungua kitenge chake cha juu, akamfunika Bukuru mabegani.

"Sogea juani," akamwambia.

Kitenge kile nilimnunulia mimi.

Baadaye nikamuuliza, "Mama, umemsamehe?"

"Sijui," akasema. "Alikuwa anatetemeka."

Mama alifia Kasulu. Hakurudi kwake, na ahadi yangu sikuitimiza, mimi niliyetimiza kila nililolikusudia maishani. Kutoka kijijini hakuja mtu hata mmoja. Bukuru alifika kabla ya wote, akashika sururu, akachimba kaburi mpaka wazee wakamwomba apumzike.

Sasa nimestaafu. Vijana waliolipokea darasa langu huja kuniuliza kama mtu aliyeharibu kitu kisichotengenezeka anaweza kuzaliwa mara ya pili. Nawajibu kwamba anaweza, nilimshika mwenyewe alipotoka majini, na tangu siku ile sijamwona akirudi nyuma. Wakiniuliza kama nilifurahi, nawaambia waulize swali lingine. Nilifundisha neema maisha yangu yote ya kazi, nikiamini naifahamu. Lakini neema hiyohiyo ingekuja kwenye mahojiano yangu, ningeirudisha ikarudie masomo.

Kahawa ya mama bado inavunwa na Sabuni. Bukuru siku hizi ni mzee wa kanisa, na tunakutana njiani mara kwa mara. "Bwana asifiwe, Mwalimu," husema, na kofia huivua kwanza. Nami humjibu, "Amina." Kuna siku Amina hiyo hutoka kwa taabu. Lakini hutoka.