Mafuta ya Balozi Kitwana

Mwaka ule mafuta ya kula yalipotea mjini mpaka watu wa Kariakoo wakawa wanachemsha hata vitumbua. Balozi wa nyumba kumi wa mtaa mmoja wa huko alikuwa Kitwana, mwanamume wa kitambi cha kujitutumua na kaunda suti iliyopauka kwapani. Kazi yake ya mkono ilikuwa kushona viatu. Kazi aliyoipenda ilikuwa kuitwa Ndugu Balozi. Usipomwita hivyo haitiki, hata kama nyumba yake inaungua.

Uchaguzi wa balozi ulikuwa Jumapili, na safari hii kasimama kushindana naye Clotilda, muuza dagaa aliyetokea Songea, mwanamke asiyejua kupiga kelele. Hilo ndilo lililomtoa Kitwana jasho. Ubalozi ukimponyoka atabaki nani? Fundi viatu, basi.

Alhamisi likapiga tufani. Jangwani maji yalifika shingoni mwa ng'ombe, na wapo wanaoapa kwamba pweza alipita nyumba hadi nyumba akibisha hodi. Asubuhi yake Mbaruku, mchukuzi wa bandarini, akaja mbio.

"Ndugu Balozi! Meli ya mizigo imepanda mwamba, imepasuka! Mafuta yamejaa pwani mpaka Salenda!"

Mwenye akili angeuliza, mafuta gani? Kitwana, ambaye akili yake ilishazama kwenye kikaango, akapuliza filimbi.

"Wananchi, toeni madebe! Balozi wenu kawaletea mafuta!"

Kawaletea yeye! Utadhani tufani lile aliliandikia barua akaigonga mhuri.

Wakatoka na madebe, ndoo, masufuria, na ajuza mmoja na birika lake. Kitwana mbele, anatembea kama anakagua gwaride. Kufika Salenda, pwani nyeusi tii, maji mazito kama uji wa ulezi, yananuka gereji. Kaa wanapita wamevaa majoho meusi kama mahakimu.

"Ndugu Balozi," akasema Kuruthumu, mkaanga mihogo, "ndiyo haya ya kukaangia?"

Hapo angecheka, akasema jamani nimekosea, watu wakarudi zao. Lakini Jumapili ilikuwa imemkaba kooni.

"Haya ghafi," akasema. "Ya nchi za baridi. Kule jua la kuyang'arisha hawana. Ukiyachuja tu, safi."

"Basi onja, wewe uliyeyaleta," akasema Kuruthumu.

"Mwacheni, jamani," akasema Clotilda. "Ataumia bure."

Huruma ile ilimchoma kuliko tusi la nguoni. Akachota kwa viganja viwili, akabugia.

Kama alimeza au alitema, kila mtu ana lake. Wengine wanasema alipopiga mbweu, mbayuwayu watatu walianguka chini. Ila midomo, meno, ndevu, vyote vilikuwa vyeusi, na mji mzima hauna sabuni hata ya kunawia kidole. Mkewe Zamzam akamsugua kwa majani ya mpapai, kwa majivu, kwa mchanga. Mtu akazidi kung'aa, kama kiatu kilichopigwa rangi.

"Afadhali," akasema Kuruthumu. "Sasa anafanana na kazi yake."

Jumapili Kitwana akahutubia habari za kujitegemea na ubaya wa walanguzi. Kila akifungua kinywa, mtu huko nyuma anaita, "Meli hiyooo, imepasuka tena!" Kisha wakaambiwa kila mmoja asimame nyuma ya amtakaye. Vumbi likatimka, kandambili zikaburuzwa. Nyuma ya Clotilda mstari ulikata kona ukaishia kwa muuza kahawa.

Kitwana akageuka taratibu. Nyuma yake Zamzam, peke yake.

"Alhamdulillahi," akanong'ona. "Wewe hukunitupa, mke wangu."

"Nani, mimi?" Zamzam anajipepea kwa upindo wa khanga. "Mimi nimefuata kivuli, Baba Sofia. Huko kwa Clotilda jua kali."