Barabara za Damu Begani mwa Nuru

Alipokuwa mama kijana, Chadia aliuza wali na maharagi kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Lusangi, na huko ndiko alikojifunza jinsi pori linavyogeuka kuwa mji. Mwanzo ni wanaume wachache na sururu zao. Hawana njia, kwa hiyo wanabaki wachache. Halafu mmoja anafyeka kichochoro, pikipiki ya kwanza inapita, na nyuma yake chumvi, mafuta, bia, redio. Kabla mvua hazijarudi, watu hawahesabiki. Aliona pia machimbo yale yalivyokufa. Chifu aliwakataza akina mama kupeleka chakula. Sufuria zikakauka, wachimbaji wakatawanyika, majani yakaota juu ya mashimo.

Ndiyo maana, siku Dokta Gérard alipoufananisha uvimbe wa Nuru na machimbo, Chadia alidhani ameelewa.

Nuru ni kifunguamimba wake, ameolewa Kabambare. Uvimbe ulimtokea nyuma ya bega, mdogo kama kokwa ya mchikichi, ukakaa hivyo muda mrefu bila kumsumbua mtu. Mwaka huu ukaanza kukua kana kwamba umekumbuka jambo. Abedi, mumewe, akampakia kwenye pikipiki, na kwa njia mbovu wakafika Kasongo, nyumbani kwa Chadia, Nuru amefungwa bega kwa kitenge.

Dokta Gérard hakukaa Kasongo. Alikuwa akipita hospitali ya pale kupasua wagonjwa, kisha anarudi Kindu. Aliupapasa uvimbe, akasema atautoa kabla hajaondoka. Halafu akamgeukia Chadia, maana mama huyu alikuwa akimkodolea macho.

"Mama, huu uvimbe ulikuwa umelala sababu haukuwa na njia ya damu. Sasa umejiitia mishipa, vile machimbo inaita pikipiki. Mwili nao iko na bariyeri zake. Ni protini ndogo-ndogo, zinakatalia mishipa isiote ovyo. Lakini hapa bariyeri zimezidiwa."

"Protini si ile ya maharagi, Dokta?"

"Ni ndugu zake. Lakini hizi mwili unajitengenezea. Huzipati sokoni."

"Na bariyeri za mwili, zenyewe pia zinakula matabishi?"

Dokta alicheka mpaka akavua miwani. Chadia hakucheka. Aliuliza kwa dhati. Kwenye barabara ya Kabambare hakuwahi kukuta bariyeri, mti uliolazwa njiani, isiyoinuliwa kwa kitu kidogo.

Alirudi nyumbani kichwa kikimzunguka. Kama bariyeri ziko, zimepitwaje? Na kama uvimbe unaishi kwa damu, mbona watu wote wanamletea Nuru vyakula vya kuongeza damu? Huko Kasongo, binti mgonjwa akirudi kwa mama yake, majirani hawaji mikono mitupu. Huyu analeta lengalenga, mchicha wa bondeni, yule sombe ya majani ya muhogo, mwingine maini ya mbuzi, wote na neno lao moja: "Apate damu." Chadia akawatazama wakiingia uani na vikapu, akawaona ni wale akina mama wa Lusangi, wanapeleka chakula machimboni.

Akafanya kama chifu. Lengalenga aliipokea mlangoni kwa shukrani, akaipitisha nyuma ya nyumba, kwa mbuzi. Maini wakala wengine. Nuru akapewa bugali wa muhogo na maji ya chumvi.

Mado, jirani yake, alikuwa na bustani bondeni. Siku moja alikuja na fungu jipya, akamkuta mbuzi akitafuna lile la jana.

"Ah, Mama Nuru! Kumbe mbuzi ndiye atapasuliwa?"

"Usinichokoze, Mado. Niko nafunga barabara."

"Barabara gani?"

"Ya damu."

Mado alitazama huku na huku kama anayeitafuta barabara yenyewe. "Sawa. Lakini mi naona mutoto ndiye anakauka. Uvimbe unanenepa."

Chadia alikuwa ameliona hilo kabla ya Mado. Kila asubuhi alivifungua viganja vya Nuru akavitazama, na kila asubuhi vilikuwa vyeupe zaidi. Alimsikia akihema kwa kutoka kitandani tu. Akajiambia kwamba ndivyo machimbo yanavyokufa, kwa kelele za mwisho.

Siku ya kupasuliwa ilipowadia, Estelle, muuguzi, alivuta ukope wa Nuru chini, akaita dokta. Wakamtoboa kidole. Dokta Gérard akarudi na uso mwingine.

"Hana damu. Siwezi kumupasua hivi, atanifia mezani. Na mimi kesho kutwa naondoka. Mama, muko munamulisha nini?"

Chadia akaeleza yote, hata habari ya mbuzi. Alieleza kwa sauti ya mtu aliyetimiza alichoagizwa.

"Nani alikuambia umunyime?"

"Ni weye, Dokta. Ulisema uvimbe unakula damu."

"Nilisema hivyo." Akajifuta paji la uso. "Lakini uvimbe ndio unakula wa kwanza, mama. Ukipunguza chungu, unakula sehemu yake, na mutoto ndiye analala njaa. Zile bariyeri zinasimama kwenye njia za uvimbe. Weye umesimama kwenye njia zote."

Chadia aligeuka, akamwona Nuru ameegemea ukuta, midomo imepauka. Nuru alijaribu kutabasamu. "Mama, mi nilikuwa naitamani ile lengalenga," akasema. "Nikaona unaipeleka kwa mbuzi. Nikasema mama anajua."

Neno lile lilimchoma kuliko ukali wa dokta. Akakunja mkono wa gauni. "Yangu. Toeni yangu."

Wakaipima damu yake, ikalingana na ya Nuru. Alilala akiitazama ikishuka kwenye mfuko, nzito, nyekundu, akashindwa kutulia.

"Estelle, mwanangu, hii itaenda kwa Nuru ao kwa uvimbe?"

"Kwa wote wawili, mama."

"Basi niko nalisha adui."

"Unamulisha Nuru, avumilie kisu. Lala."

Hakuelewa. Akaunyoosha mkono hivyo hivyo.

Kesho yake Nuru aliingizwa ndani. Abedi alisali kwenye baraza. Chadia hakuweza hata kukaa. Saa nyingi zilipita ndipo Estelle alipotoka, akasema Nuru amefumbua macho. Nyuma yake akaja dokta na chupa, maana ndugu huonyeshwa kilichotolewa. Kipande kitapelekwa kuangaliwa, alisema, ndipo ijulikane kama ni uvimbe wa kurudi ama la.

Chadia akaisogeza chupa kwenye mwanga. Kitu kilikuwa kidogo kuliko hofu yake. Juu yake vilitambaa vinyuzi vyekundu, vingi, vimepinda ovyo kama vichochoro vya Lusangi. Barabara akaziona.

"Na bariyeri, Dokta? Ziko wapi?"

"Hazionekani kwa macho. Na zilizo na kazi sasa zimebaki ndani ya Nuru."

"Safari hii zitakaza?"

Dokta Gérard aliichukua chupa polepole. "Tungoje majibu, mama."

Chadia akaenda moja kwa moja bondeni kwa Mado. Alimnunulia Nuru lengalenga, hata ya kesho, na alipopita nyuma ya nyumba, mbuzi aliponyoosha shingo, Chadia akamfukuza kwa kanga.