Nilimletea chatu wangu mafua kwa gunia la kazini

Wakuu, salaam zenu.

Ya leo yamenikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza. Wanaoogopa nyoka wapite tu, sitawalaumu.

Mimi ni mkamata nyoka. Ndiyo, ni kazi, na sare ninayo. Tangu gesi ionekane, huku Afungi, kaskazini mwa Msumbiji, mapori yanafyekwa na nyoka wanatoka kila siku. Naitwa, nakamata, natia kwenye gunia, naenda kumwachia mbali na uzio wa kambi.

Nyumbani, kijijini Quitunda, nina chatu wangu, Zuhura. Katapila lilimkata mkia akiwa mdogo, nikamuuguza, nikashindwa kuachana naye. Anakaa kwenye kasha chumba cha nyuma.

Mke wangu alishamzoea. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, hata mlango wa chumba kile alikuwa hapiti.

Sasa njooni kwenye ujinga wangu.

Gunia lilikuwa moja tu. La kazini ndilo nililombebea Zuhura kumtoa aote jua. Aliyenifundisha kazi aliniambia gunia lenye bahati halifuliwi, nami sikufua.

Siku moja nikakamata chatu mkubwa karibu na jiko la kambi. Anapumua kwa mluzi, mapovu mdomoni. Nikadhani ni hasira. Nikamtia kwenye gunia, nikaenda kumwachia.

Baada ya wiki kadhaa Zuhura akagoma kula. Kichwa juu, mdomo wazi, ute puani. Na mluzi uleule, wakuu!

Mama mkwe akanishangaza. Alisikia mke wangu analia, akaingia na chetezo chake.

"Mwanangu, huyu ana mafua. Naye kiumbe cha Mungu, tumfukize."

Kwetu mgonjwa kufukizwa ubani ni kawaida, ningekataaje? Tukafunga na dirisha kabisa. Zuhura akawa anatafuta hewa kama samaki aliyetupwa mchangani. Nikamtoa nje mbio.

Kesho yake nikampeleka kwa veterinario, daktari wa mifugo, mjini Palma. Alicheka kwanza, halafu akanigombeza.

"Mapafu yanaumwa, nyie mnampa moshi? Na hilo gunia, irmão, ndugu yangu, ndilo lililomletea ugonjwa."

Akanieleza kuwa ute wa nyoka mgonjwa unabaki kwenye gunia, kwenye chombo cha maji, hata mikononi. Tena kasha nililiweka chini kwenye simenti, na nyoka akipata baridi mwili wake haupigani na ugonjwa.

Akaanza kumchoma sindano, tukawa tunarudi mpaka dozi ikaisha. Kasha nikaliinua, nikaweka chupa za maji moto zilizofungwa khanga. Khanga ni za mama mkwe, alitoa mwenyewe.

Siku nyingi nilikuwa nahesabu pumzi zake, nikijua nikimpoteza nimemuua mimi. Alipomeza panya nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Nilifurahi jamani, sioni aibu kusema.

Nilichojifunza: nyoka mgeni usimchanganye na wako, kila mmoja na gunia lake, na mikono ioshwe. Bahati haitoki kwa sabuni.

Jana narudi kazini, namkuta mama mkwe kakaa kwenye mlango uleule aliokuwa hapiti, kopo la maji na sabuni pembeni.

"Nawa kwanza, baba. Mjukuu wangu humshiki na mikono ya Afungi."

Nikanawa.

Wenye nyoka, mbuzi, hata kuku: nani mwingine alishaleta ugonjwa nyumbani kwa mikono yake? Mwageni hapa, leo mjinga wa kwanza ni mimi.