Shahamu ya Kuku kwa Mpishi Mkuu

Kabla sijashika mwiko wa mtu, nilikuwa kibarua wa chumvi kule Gongoni. Chumvi ile, wanangu, hupasua vidole hata ushindwe kufunga kikoi. Mama yangu, nyumbani Mambrui, alichemsha tui mpaka likatoa mafuta, akayatia chupani, nikawa najipaka. Mashapo yake tuliyala na sukari. Hayo yana siku yake, lakini utamu ule sijausahau. Basi nilipoacha chumvi nikaajiriwa hoteli ya Kichina pale Malindi, chupa ile ilikuwa mfukoni.

Siku ya kwanza Mpishi Mkuu, mtu wa Uchina, Kiswahili chake cha kuokoteza, aliniambia nikaange mchicha. Nikaona mafuta yake ya njugu hayana harufu, nikamhurumia, nikatia ya mama. Akaonja.

"Kombo, huu mchicha au nywele?"

Jiko zima likacheka. Nami nikacheka, ningefanyaje.

"Nazi inaongea sana," akasema. "Mboga haisikiki."

Ndipo akanifunza. Karai la Kichina hukaa juu ya moto mkali, na chakula hugeuzwa upesi kabla hakijatoa maji. Kwa hivyo yatakiwa mafuta yanayostahimili moto, tena yenye adabu ya kunyamaza: ya njugu. Yakikosekana, ya alizeti au ya mahindi, yaliyosafishwa. Mafuta meusi ya simsim usiyaanzie, huungua yakawa machungu. Tone moja tu mwishoni, moto ukishazimwa, kama uturi wa kwenda msikitini. Nilimuuliza na samli. Akanipokonya mwiko.

Tukakaa miaka. Tajiri wetu, mwenye hoteli, akafungua jiko la pili Kilifi, akatuhamishia huko sote wawili. Huko ndiko Mpishi Mkuu alikoanza kukonda. Apika, wageni wanasifu, yeye mwenyewe hali hata kijiko. Nikamuuliza kulikoni.

"Mama alikaangia mafuta ya nguruwe," akasema. "Haya mengine yote ni badala."

"Basi yalete, utenge karai lako."

"Wewe unakula jiko hili. Hayaingii."

Maneno yale yakanikaa kifuani. Nikataka ale, basi. Nikawa nakusanya ngozi na shahamu za kuku, naziyeyusha kwa moto wa pole pamoja na tangawizi na majani ya kitunguu, kisha nachuja. Mara ya kwanza yaliungua. Ya pili yalibaki na maji, yakanirukia usoni. Ya tatu yakatoka manjano, safi.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, na sasa nimestaafu, lakini vijana wa mahoteli bado huja kuniuliza mafuta yapi bora. Nawaambia ya njugu. Ya kuku siyataji.

Maana siku ile nilimkaangia mchicha kwa yale ya kuku, akaula amesimama, akaumaliza. Akapitisha kidole bakulini, mtu mzima yule, akalamba.

"Nani alikufunza?"

"Si wewe?"

Akaweka bakuli chini.

"Yamekaribia mno ya mama, Kombo. Sasa nataka yenyewe."

Akavua aproni, akaikunja, akaiweka kando ya karai.

"Angalia moto," akasema, akatoka kwa mlango wa nyuma, akashika njia ya stendi, mikono mitupu. Nikapunguza moto, nikangoja. Hakurudi tena.