Aliyekosewa Ndiye Aende

Kanisani kwetu, wiki moja kabla ya Meza ya Bwana, mzee wa kanisa hutangaza kwamba mwenye neno na mwenzake akalimalize kwanza. Jumapili ile alipotangaza, mama alitazama sakafu. Benchi la mbele yetu, mama mkubwa naye alitazama sakafu. Mimi niliwatazama wote wawili.

Mama mkubwa ni mke wa kaka yake baba. Baba na kaka yake wameshafariki. Miji yao miwili inatenganishwa na uzio wa minyaa na jiwe moja pana, ambalo nyumba zote mbili tunaanikia udaga, ile mihogo iliyovundikwa. Siku chache kabla ya tangazo, ndama wa mama mkubwa walipanda jiwe upande wetu, wakala udaga wetu, na uliobaki wakaunyea. Mwanaye aliyekuwa anachunga alikuwa amelala kivulini. Mama alipomuuliza, alimjibu, "Si mlinde jiwe lenu? Au mji wenu hauna mwanaume?"

Maneno hayo yalifika Sirari kwa simu kabla jua halijazama. Kaka yangu anabeba mizigo huko mpakani. Kesho yake alikuwa nyumbani, hajaleta hata sukari, amekaa mlangoni ananoa panga.

"Unanoa la nini?" mama akamuuliza.

"La kufyekea majani."

Ilikuwa kiangazi. Majani hayakuwepo.

Katikati ya wiki mzee wa kanisa alikuja. Mama alimwambia wazi, "Mzee, sisi tuna desturi. Aliyekosa ndiye anakuja kuomba. Mimi niende kufanya nini? Kuomba msamaha kwa sababu udaga wangu umeliwa?"

"Desturi naijua, mama, mimi pia ni Mkurya," mzee akajibu. "Lakini Yesu aliigeuza. Aliyekosewa ndiye aende, akaseme na mwenzake wakiwa wao wawili tu."

"Basi Yesu hakuwa na jirani kama wangu."

Mzee alicheka. Kaka hakucheka. Alikuwa anajaribu makali ya panga kwa kidole gumba.

Jumamosi asubuhi nilienda kufagia jiwe. Mama mkubwa alinikuta hapo.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Mama yako anaumwa?"

"Hapana."

"Sasa mbona haji? Siku zote hizi nimekaa nyumbani, hata shambani sijaenda. Nachemsha chai, inapoa, namwaga. Kanisa limesema aliyekosewa ndiye aje. Au amenipeleka kwa wazee wa ukoo?"

Nikaelewa. Mama alikuwa anasubiri kwa desturi, na yeye alikuwa anasubiri kwa kanisa. Nyuma yake, kwenye boma la ng'ombe, mwanaye alikuwa anachonga rungu. Aliniangalia bila kunisalimia. Maneno mbele ya wakubwa huwa yananikwama. Nilishika fagio kwa mikono miwili.

"Anakusubiri wewe," nikasema, nikakimbia.

Nyumbani nilimweleza mama huku nahema. Akaanza kujifunga kitenge. Kaka akasimama mlangoni.

"Mama, ukienda kule umetuuza. Hawa watu wametuzoea. Mwanaume wa mji huu ni mimi."

"Ni wewe. Na mama wa mji huu ni mimi. Nipishe."

Akapita. Nikamfuata. Kaka naye akatufuata, panga mkononi, akisema anatusindikiza tu. Tulipofika katikati ya njia mama alikaa chini, kwenye vumbi.

"Sitaenda kutafuta amani huku panga liko mgongoni kwangu," akasema.

"Mama, inuka. Watu wanaona."

"Waone."

Wanawake waliokuwa wanatoka mtoni walipunguza mwendo. Kaka alianza kutoka jasho. Mwishowe alinisukumia mimi lile panga, nikalichomeka ndani kabisa ya minyaa, utomvu ukanidondokea mkononi. Mama akainuka, hakujikung'uta hata vumbi.

Mama mkubwa alikuwa mlangoni kwake. "Karibu, keti."

"Sikai mpaka niseme. Ndama wako wamekula udaga wangu. Hilo ni la mifugo, nimelimeza. Lakini mwanao kuniambia mji wangu hauna mwanaume, hilo limenishinda."

Mama mkubwa alishtuka. Habari za udaga alizijua. Za tusi hakuambiwa.

"Mura, njoo hapa!" akaita, kama Wakurya tunavyomwita kijana wa kiume. Mwanaye alitoka bomani na rungu lake. "Ulisema mji wa nani hauna mwanaume? Na huu wetu una mwanaume gani? Wewe unayelala mpaka ndama wanapanda mawe?"

Kaka akatoa kicheko puani. Niliogopa kicheko hicho kuliko panga. Uso wa yule kijana ulikaza, na vidole vikabana rungu. Sikuangalia uso tena, niliangalia vidole. Mama peke yake ndiye aliyesogea, akasimama katikati yao, mfupi kuliko wote wawili.

"Mama mdogo, nilikosa," yule kijana akasema mwishowe. Alisema na mama, lakini macho yalikuwa kwa kaka. Chai ililetwa, kaka hakuinywa.

Usiku huo sikulala vizuri. Asubuhi kaka alioga, akavaa shati, akaja kanisani, ambako alikuwa hajakanyaga muda mrefu. Kwetu, kabla ya mkate, watu huoshana miguu wawili wawili, wanaume kwenye chumba cha nyuma, wanawake mle kanisani. Mama mkubwa alipiga magoti mbele ya mama, akamwosha taratibu, hata katikati ya vidole, na mama akawa analia. Mimi masikio yangu yalikuwa kwenye chumba cha nyuma. Niliona mzee wa kanisa akiingia na kaka, kisha na yule kijana, mlango ukafungwa. Muda mrefu sikusikia hata maji.

Halafu maji yakamwagika kwenye beseni.

"Maji ya baridi, mura," ikasema sauti ya yule kijana.

"Vumilia," kaka akajibu. "Mguu wenyewe mchafu hivi."